Tunatupa Majani ya Muhogo, Halafu Tunakopa Chakula cha Ng'ombe

Niseme mapema, ndio hata ukiishia hapa uende na kitu: kama uko Bungoma, una mihogo shambani na ng'ombe wa maziwa nyumbani, kununua protini yote ya huyo ng'ombe kwa agroveti ni hasara ya kujitakia. Sijasema uache kununua. Nimesema yote.

Pita Bumula, Sirisia au Malakisi wakati watu wanang'oa mihogo. Mizizi inaingia kwa gunia. Vijiti vichache vinawekwa kando vya kupanda. Majani yanabaki hapo kwa rundo, mbuzi apite aonje, mvua imalizie. Jioni hiyo hiyo mwenye shamba anamtuma kijana na bodaboda akachukue chakula cha ng'ombe kwa deni. Tumezoea hivyo hadi hakuna anayeuliza.

Najua kuna mtu ashaanza: huyu naye ni nani, hata chuo hakumaliza. Ni kweli, niliacha mwaka wa pili, na hata sikuwa nasomea kilimo. Kazi yangu ni kupiga video za wakulima kati ya Kitale na Bungoma. Lakini sababu ya mimi kuacha chuo inaingia moja kwa moja kwa hii mada. Karo yangu ilikuwa inatoka kwa maziwa. Mwaka 2022 bei ya chakula cha mifugo ilikuwa imepanda nchi nzima, na kila mama akienda kuchukua malipo ya mwezi, anapata deni la agroveti lishakatwa. Kilichobaki kilikuwa cha unga na sabuni. Ng'ombe alikuwa anakamuliwa vizuri tu, lakini pesa yake ilikuwa inarudi kwa gunia. Na nyuma ya nyumba tulikuwa na mihogo robo ekari.

Kwa hivyo hii kwangu si mada ya kujaza siku. Twende kwa namba.

Mzizi ni nguvu, jani ni protini

Watu wanaongea kuhusu "muhogo" kama kitu kimoja. Kwa mfugaji, muhogo ni vyakula viwili kwa shina moja.

Mzizi ni wanga. Ukiukausha vizuri, nguvu inayopata mnyama inakaribiana na ya mahindi. Lakini protini yake ni asilimia 2 hadi 3 tu ya uzito mkavu. Mahindi, ambayo hata hayahesabiwi kama chakula cha protini, yana 8 hadi 10. Kwa hivyo ukimpa ng'ombe wa maziwa mizizi peke yake, atashiba na ndoo itabaki vile ilikuwa. Na ukimjazia mingi kwa mara moja, wanga ule unachacha haraka tumboni, anaacha kula na kuanza kuharisha.

Jani ndilo lenye mambo. Majani ya muhogo yakikauka yana protini kama asilimia 20 hadi 30, kulingana na aina, umri wake na vijiti umechanganya kiasi gani. Yana kalsiamu. Yana ile rangi inayofanya kiini cha yai kiwe cha njano. Chakula cha kawaida cha ng'ombe wa maziwa cha dukani kina protini asilimia 14 hadi 16 hivi. Sasa kumbuka lile rundo shambani.

Hesabu ya haraka. Kilo 100 za majani mabichi na zile ncha laini zikikauka zinabaki kama kilo 25. Ng'ombe akila kilo 2 za majani makavu kwa siku, na tuseme yana asilimia 20, amepata gramu 400 za protini. Ili upate gramu hizo 400 kwa chakula cha dukani cha asilimia 15, unahitaji karibu kilo 2.7. Chukua bei ya gunia la kilo 70 kwa agroveti yako, gawanya kwa 70, halafu zidisha kwa 2.7. Hiyo ndiyo thamani ya protini unayoacha ioze, kwa ng'ombe mmoja, kwa siku moja. Siweki bei yangu hapa kwa sababu ya kwako ni tofauti, na wiki ijayo itakuwa imebadilika tena.

Gunia nalo lipewe haki yake. Lina nguvu kuliko majani, madini yake yamepimwa, na halikuhitaji wewe kushinda kwa jua. Ndio maana nasema lipunguze, ulitumie pale majani na mizizi yamefika mwisho.

Sumu si hadithi

Hapa tusikilizane vizuri, kwa sababu hapa ndipo mnyama hufa.

Muhogo mbichi una kitu kinaitwa linamarini. Ukiukata, ukiuponda au mnyama akiutafuna, linamarini inakutana na kimeng'enya kilicho ndani ya mmea huo huo, na kinachotoka ni sayanidi. Aina chungu zina nyingi zaidi, lakini hata tamu zinayo. Majani machanga yana zaidi ya yaliyokomaa. Maganda yana zaidi ya nyama ya ndani. Na ng'ombe, mbuzi na kondoo wako kwa hatari ya haraka, kwa sababu vile vijidudu vya tumbo lao kubwa vinasaidia kuitoa hiyo sumu.

Dalili ni hizi: anahema mbio, anatetemeka, anapepesuka, fizi zinakuwa nyekundu kupita kawaida, anaanguka. Mambo yanaweza kuisha kwa dakika chache. Dawa iko, lakini ni ya daktari wa mifugo kudunga kwa mshipa, na daktari mara nyingi yuko mjini na wewe uko ndani kabisa.

Ndio maana nakasirika nikiona wenzangu wa video wanamwaga majani mabichi kwa hori na kuandika "siri ya lita 20". Hiyo ni kamari, na anayecheza anatumia ng'ombe wa mtu mwingine. Ikienda vibaya, yeye atafuta video. Wewe utabaki na mzoga na deni.

Lakini woga pia usiwe sababu ya kukaa tu. Kukhu zetu waliishi na sumu hii maisha yao yote. Walimenya muhogo, wakaurundika na kuufunika siku kadhaa hadi ukaota ukungu, wakaukwangua, wakauanika, wakautwanga, wakachanganya na wimbi au mtama, tukala ugali wa rangi ya udongo na hakuna aliyekufa. Neno linamarini hawakuwahi kulisikia. Walichojua ni kwamba muhogo hauliwi kwa haraka. Sisi tukaona ni mambo ya zamani, kumbe ndiyo kemia yenyewe. Ukikatakata, kimeng'enya kinafanya kazi yake na sumu inatoka kama hewa. Jua na muda vinamalizia.

Kwa ng'ombe kanuni ni hiyo hiyo:

1. Kata majani na ncha laini pekee, siku ile unang'oa. Vijiti vigumu acha.

2. Katakata vipande vidogo, kwa panga au ile mashine ya kukatia nepia. Usiruke hatua hii, kwa sababu jani zima halitoi sumu vizuri.

3. Tandaza kwa turubai, nyembamba, ugeuze mara kadhaa kwa siku. Jua zuri linachukua siku 2 hadi 3. Jani likivunjika ukilifinya, liko tayari. Likipinda, bado.

4. Mizizi midogo isiyouzika, katakata vipande vyembamba na uanike hadi vivunjike kwa sauti. Vyenye ukungu mweusi au wa kijani usimpe mnyama. Sumu ya ukungu inaweza kuingia hadi kwa maziwa.

5. Wakati wa mvua, tengeneza sileji. Katakata majani pamoja na mizizi kidogo, au tia molasi, shindilia kwa mfuko wa nailoni hadi hewa iishe, funga. Usifungue kabla ya wiki 3. Kuchacha kule kunapunguza sumu, na chakula kinakaa miezi.

6. Anza na konzi moja, ukichanganya na chakula alichozoea. Panda polepole kwa siku 7 hadi 10. Kilo moja hadi mbili za majani makavu kwa siku zinamtosha ng'ombe wa maziwa. Jiwe la chumvi liwepo, maji yawepo.

Kwa nguruwe, mizizi iliyokaushwa au kupikwa ni chakula kizuri kabisa, mradi protini itoke kwingine. Kwa kuku nenda taratibu zaidi. Unga wa muhogo peke yake utakupa mayai yenye kiini cheupe, kwa sababu mzizi hauna ile rangi. Unga wa majani unairudisha, lakini weka asilimia 5 hivi ya chakula chote. Na kwa sababu muhogo umepungukiwa na methionini, kuku lazima apate omena au kitu cha aina hiyo.

Wengine washafanya

Thailand walikuwa wanapeleka vipande vikavu vya muhogo Ulaya kwa meli, vikilisha nguruwe na ng'ombe wa Uholanzi na Ujerumani, hasa kuanzia miaka ya 1970 hadi 1990. Nafaka za Ulaya zilikuwa ghali kwa sera zao wenyewe, kwa hivyo wafugaji wakachanganya muhogo na soya, maisha yakaendelea. Yaani ng'ombe wa Mzungu alikula muhogo na hakuona aibu.

Huko huko Thailand, Profesa Metha Wanapat wa Chuo Kikuu cha Khon Kaen akageukia majani. Wazo lake ni kupanda muhogo kwa ajili ya majani: unakata mara ya kwanza baada ya miezi 3 hivi, halafu kila miezi 2, unakausha, unahifadhi. Ng'ombe wa maziwa akipata kilo 1 hadi 2 kwa siku, mfugaji anapunguza chakula cha kununua na maziwa hayashuki.

Nigeria, ambao ndio wanaongoza duniani kwa kulima muhogo, walikuwa na milima ya maganda yanayonuka. Karibu mwaka 2015 watafiti wa ILRI kule Ibadan, pamoja na wenzao, walitengeneza njia rahisi: saga maganda, kamua maji, chekecha, anika. Kazi ya siku mbili tatu ikawa ya siku moja, na takriban tani 3 za maganda mabichi zinatoa tani 1 ya chakula cha mifugo. Na unajua makao makuu ya ILRI yako wapi? Nairobi. Utaalamu umepanga nyumba kwetu, ukaenda kufanya kazi kwa jirani. Penye miti hapana wajenzi.

Maswali ambayo huwa naulizwa

"Unataka tulishe ng'ombe chakula cha watu?" Hapana. Mzizi mzuri kula, uza. Mimi naongea kuhusu maganda, vimizizi visivyo na soko, na majani. Pwani wangenicheka nikisema majani ya muhogo ni takataka, kwa sababu wao huyatwanga wakayapika na nazi, wakaita kisamvu. Mashariki mwa Congo wanaita sombe na wanakula bila shida. Ni sisi huku Magharibi tunaoyaacha yaoze. Tukitaka kuanza kuyala, sawa kabisa, lakini kwa sasa hatuyali na ng'ombe pia hayapati.

"Si kukata majani kunaharibu mizizi?" Ndiyo, ukikata kila mara utavuna mizizi kama vidole. Ama kata siku ya kung'oa, ama tenga kipande kidogo cha majani pekee, upande kwa kubanana. Kipande kimoja hakiwezi kukupa vyote viwili.

"Si nepia inatosha?" Nepia ni nzuri, lakini kumbuka ugonjwa wa kudumaa. Hapa Bungoma ndipo uliripotiwa kwanza nchini, mwaka 1997, na kuna mashamba ambayo hadi leo nepia inatoka ya njano na fupi kama nyasi ya uwanja. Na hata ikiwa nzima, nepia iliyokomaa haina protini ya kumtosha ng'ombe wa maziwa. Inahitaji mwenzake.

"Na ugonjwa wa muhogo?" Swali zuri. Miaka ya 1990 batobato iliingia kutoka Uganda ikamaliza mihogo ya Magharibi, watu wakaachana na zao lenyewe. Sasa kuna aina zinazostahimili, na KALRO pale Alupe, Busia, wamefanya kazi hiyo miaka mingi. Chukua vijiti kwao au kwa mkulima aliyeidhinishwa. Usichukue kwa shamba la jirani kwa sababu tu ni bure.

Kitale ina ng'ombe, Bungoma ina muhogo

Watu wa Kitale wataniuliza: sisi je? Ukweli ni kwamba Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na muhogo haupendi baridi. Utaota, lakini utakaa sana. Kitale ni nyumba ya mahindi. Kenya Seed ilizaliwa huko mwaka 1956, na H611, mahindi chotara yaliyotoka Kitale mwaka 1964, yalibadilisha kilimo cha nchi hii. Hakuna mtu atakayewaambia wang'oe mahindi wapande muhogo, na mimi simo.

Lakini angalia vile tumepangwa. Huku chini Bungoma, kwenye mita 1,400 hivi, muhogo unakua bila mbolea nyingi na unavumilia jua. Huko juu Trans Nzoia kuna ng'ombe wa maziwa wanaotafutiwa protini kila asubuhi. Katikati kuna barabara ya lami, Webuye, Misikhu, Kamukuywa, Kiminini, Kitale. Matatu zinapanda na kushuka kutwa. Kinachokosekana ni gunia la majani makavu ya muhogo kwenye keria.

Majani mabichi hayawezi kusafiri, ni mazito na yanaoza. Makavu ni mepesi na yanakaa. Kijana mwenye mashine moja ya kukatia, turubai tatu na mizani anaweza kuzunguka Bumula nzima wakati wa kung'oa, anunue majani kwa kilo, akaushe, apeleke juu. Mkulima anapata pesa kwa kitu alichokuwa anatupa. Mfugaji wa Kitale anapata protini ambayo haikuvuka mpaka. Sasa hivi viwanda vya chakula cha mifugo vinategemea soya na mashudu ya alizeti kutoka Tanzania, Uganda na Zambia, na mpaka ukikohoa bei inapanda kwetu.

Hapa ndipo nina neno na serikali za kaunti zote mbili, na vyama vya ushirika. Kugawa vijiti vya muhogo ni nusu ya kazi. Mkulima akishavuna anahitaji mnunuzi, na mnunuzi anahitaji kujua anachonunua. Wekeni mahali pa kupima protini na sayanidi kwa bei ambayo kijana wa turubai tatu anaweza kulipa. Bila kipimo, gunia la kwanza likiua ng'ombe mmoja Kiminini, biashara yote imekufa, na itakuwa haki yake kufa. Afisa wa mifugo naye aje na somo la kukausha kabla ya kuja na brosha ya kampuni.

Hayo ya kaunti yatachukua muda. Yako hayahitaji kamati. Mihogo ikitoka shambani safari hii, usiache majani. Katakata, anika, pima. Chagua ng'ombe mmoja, mmoja tu. Wiki ya kwanza andika maziwa yake asubuhi na jioni akiwa kwa chakula cha kawaida. Halafu ingiza majani polepole vile nimeeleza, ukifika kilo 2 punguza gunia kidogo, na uendelee kuandika wiki mbili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ng'ombe ni mali.

Kama maziwa yameshuka, rudisha gunia na uniambie, nitaandika hivyo hivyo. Kama yamekaa pale pale na deni la agroveti limepungua, ile tofauti usiipeleke kwa kitu kingine. Iweke kando kwa jina la mtoto ambaye karo yake inatoka kwa hiyo ndoo.